Jaketi Nane za Nyamwange

Nyamwange alinipimia majani chai kwa miaka sita, na kwa miaka sita niliamini kwamba ananiibia. Sikuwa peke yangu. Karani wa mizani hapendwi na mchumaji yeyote, na huyu alikuwa mgeni kutoka Kisii, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuinama na kuuchungulia mshale kwa jicho moja. Kikapu changu kikijaa hadi ukingoni, alisema, "Ratili thelathini na mbili, Mama Sellah." Kila mara thelathini na mbili. Nilirudi nyumbani nikimwambia mume wangu kwamba nyingine tatu zimebaki kwa Mkisii. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Jumapili alikuwa na kazi nyingine. Mzungu mmoja alipoondoka baada ya uhuru aliacha mashua ya injini kwenye bwawa la shamba, na kamati ya klabu ya shamba ikawa inaikodisha kwa harusi na vikundi vya kanisa, kwa sababu kanisa liko ng'ambo na kulizunguka bwawa kwa miguu ni mwendo wa saa nzima. Kamati ilimpa Nyamwange mashua kwa kuwa hakunywa pombe. Ubavuni palikuwa na kibati kilichoandikwa abiria wanane. Meneja alimwambia mbele yetu sote kwamba siku atakayobeba mtu wa tisa, ndiyo siku atakayotoa vyombo vyake katika nyumba ya kampuni. Na ndani ya nyumba hiyo alikuwa na mkewe Drusilla na watoto watano.

Jumapili ya kwanza alianza kutuhesabu kwa kidole. Kogo mmoja, bibi wa pale kwetu, alikipiga kidole hicho kwa fimbo yake. Kwetu watu hawahesabiwi. Kumhesabu mtu ni kumwitia mabaya. Nyamwange hakubisha. Jumapili iliyofuata alikuja na jaketi nane za kuelea, mbali na lake mwenyewe, akawa anamvisha kila anayepanda bila kutaja idadi. Jaketi zikiisha, mashua imejaa. Alipaka pia mstari mweupe ubavuni, mahali maji yanapofika mashua ikiwa na mzigo wake halali. Sisi tukasema amebuni njia ya kuwapangia nafasi watu wake.

Mwezi wa nane mwaka 1968 binti yangu Sellah aliolewa na kijana wa Sigowet. Tulikodisha mashua. Wakwe walitangulia kupanda, kisha yule kogo wa fimbo, bibi harusi na msimamizi wake, kisha Nyambeki, Mkisii mpiga ngoma wa kwaya. Nilipofika mimi, jaketi zilikuwa zimekwisha.

"Ngoja hapa kidogo, Mama Sellah," Nyamwange akasema. "Nikishusha hawa narudi kuchukua wewe. Hawawezi anza bila wewe."

"Na huyu wa ngoma?"

"Kamati ndiyo iliandika jina yake. Mimi narudi, mama."

Sikumwamini hata kidogo. Mtu anayekula ratili zangu kila siku, leo arudi kwa ajili yangu? Niliona kabisa nimebaki ukingoni na viatu vyangu vipya, mwanangu akiozwa bila mama. Asiyekuwepo na lake halipo. Nyamwange alipoinama kuiwasha injini, nilimwonyesha Sellah ishara. Jaketi lilikuwa linamkunjia gauni, naye alilichukia tangu alipovishwa. Alilivua, akanirushia. Nililivaa, nikapanda, nikamfunika Sellah mabegani kwa shuka yangu. Wakwe waliona na kunyamaza, maana nani atamshusha mama wa bibi harusi?

Tulipopita katikati ya bwawa Nyamwange alitazama ubavuni, akazima injini. Mstari mweupe haukuonekana. Maji yalikuwa vidole viwili juu yake.

"Kuna mtu amezidi," akasema polepole.

Angeweza kutuhesabu pale pale, lakini yule kogo alikuwa mbele yake na fimbo magotini. Alitupitia kwa macho, jaketi baada ya jaketi, hadi kwangu. Upepo uliinua shuka, akaona gauni jeupe la Sellah bila kitu juu yake. Kufika kulikuwa karibu kuliko kurudi. Alivua jaketi lake mwenyewe, akamvisha mwanangu na kulifunga kamba zote, kisha akaiwasha injini tena. Sote tulijua Nyamwange hajui kuogelea. Nilitaka kusema. Nikaona aibu mbele ya wakwe, nikakaza kamba za jaketi nililovaa.

Tulifika salama. Lakini meneja alikuwa ameketi barazani klabuni na darubini yake, na yeye hakuwa na mwiko wa kuhesabu.

Jumatatu asubuhi, tulipokuwa tukipangiwa kazi, alimwita Nyamwange mbele.

"Nani alipanda bila ruhusa?"

Nyamwange alinitazama mara moja. "Ni mimi nilikosea, bwana."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Bado naona haya kusema kwamba nilishukuru. Kabla ya saa sita vitanda vyake vilikuwa juu ya lori, na Drusilla alikuwa ameketi juu ya magunia na mtoto mdogo mapajani. Nilipita na kikapu changu mgongoni bila kuwasalimia.

Kwenye mizani walimweka Kipkosgei, binamu ya mume wangu. Nilijiambia angalau sasa nitapata haki yangu. Nilikuwa nimekijaza kikapu hadi ukingoni, ukingo ule ule wa siku zote, nikampa mtu wa damu yetu anipimie.

Kipkosgei aliinama, akauchungulia mshale. "Thelathini na mbili, shemeji."

Nikamwambia apime tena. Alikishusha kikapu, akakitundika upya, na mshale ukaenda kusimama pale pale.