Kuivisha Gitaa

Mjomba wangu alikuwa na neno moja tu kuhusu gitaa langu, na hakuona haya kulisema mbele za watu. Alisema ni bichi. Hakusema bovu wala baya, alisema bichi, kana kwamba nimeliepua kabla ya wakati wake. Siku hiyo tulikuwa tunakunja waya baada ya mazoezi. "Mimi naimba kutoka kifuani, wewe unanijibu kwa pua," aliniambia. "Liivishe hilo gitaa, mjomba." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, wote wajomba.

Angekuwa mtu mwingine ningemjibu. Mdomo ninao, na bendi nzima inajua. Lakini huyu ndiye aliyenifuata Lindi mama alipofariki, akanilea katika chumba kimoja cha uani hapa Kariakoo, akanitia gitaa mikononi ili nisizurure mitaani. Alikuwa mwimbaji wa bendi yetu ya dansi tangu sijaota ndevu. Na wakati huo alikuwa pabaya.

Katika bendi zetu anayetawala si anayejua muziki, ni mwenye vyombo. Magitaa ni yake, spika ni zake, ngoma ni zake. Sisi wengine tunakuja na vidole na koo. Huyu wa kwetu alikuwa amemleta kijana mwingine wa kuimba, mwenye sauti safi na shati la kubana, akatutangazia bila kuzunguka kwamba Jumapili inayofuata wote wawili wataimba mbele ya wateja. Atakayewainua watu vitini ndiye atakayebaki na zile nyimbo za zamani, na mwingine atapumzika. Alisema "atapumzika" kwa upole sana. Mjomba hakuwa na kazi nyingine, na zaidi ya kazi, hakuwa na kitu kingine cha kumfanya aamke akapige pasi suruali.

Mjomba mchawi wake alishamjua. Ni gitaa langu: linamfunika, watu hawamsikii. Mtu asiyejua dansi anaweza kushangaa gitaa linamfunikaje mwimbaji, kwa hiyo nieleze. Sisi wapiga gitaa la solo hatungoji zamu yetu kona. Mwimbaji anapoimba, tunapiga wimbo uleule anaouimba, neno kwa neno, juu yake kidogo, tunamshika mkono. Tulifundishwa hivyo na waliotutangulia. Na gitaa langu lilimshika mjomba kwa kucha. Hata mimi lilikuwa linaniwasha masikio, basi nikaamini.

Ugonjwa ulikuwa kwenye pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba inayokaa chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye amplifaya. Gitaa lile lina tatu. Ya shingoni ni nzito lakini mvivu. Ukiitumia, watu wanakumbuka viti vyao. Ya mwisho, karibu na daraja pale nyuzi zinapokalia, ndiyo hufanya kazi yote ya solo, na hiyo ndiyo iliyokuwa inakata kama wembe. Mwenye vyombo alinipa ruhusa ya kuibadilisha. Alisema tu kwamba likiharibika tutajuana.

Nikaenda kwenye duka la vyombo vya muziki, karibu na Mtaa wa Kongo, la kaka mmoja wa Moshi. Anauza sana vinanda vya makanisani na maiki, pikapu kwake ni bidhaa ya kona. Nikamwambia nataka ya karibu na daraja, yenye sauti iliyoiva, ya kifuani.

"Boss wangu," akaniuliza, "iliyoiva ndiyo namba ngapi?"

Sikuwa na namba. Akanitolea maboksi matatu, yote yamefungwa kwa plastiki, yote yameandikwa Kichina. Nikamwomba tujaribu moja. Akacheka, tena bila ubaya: ikifunguliwa imenunuliwa, na ikinunuliwa hairudi. Watu husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini mbuzi angalau hulia humo ndani. Hizi zilinyamaza tu. Kwa huruma kaka akanitafutia kwenye simu video za wazungu wakizipiga moja moja, huku nje mpiga debe wa viatu anapiga kelele kwenye kipaza sauti chake. Kupitia kispika cha simu zote tatu zililia kama mbu. Mama mmoja aliyekuja kununua maiki ya kwaya alinishauri nichukue yenye boksi jekundu, kwa sababu vitu vyekundu huwa na sauti. Nilimshukuru. Sikuwa na hoja bora kuliko yake, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikatoka mikono mitupu nikaenda Gerezani kwa fundi anayesuka upya mota za feni na kutengeneza spika. Gitaa halijui, na hakujifanya analijua. Lakini alikuwa na droo ya vitu vilivyong'olewa kwenye magitaa mabovu yanayokuja na makontena ya mitumba, na ndani yake mlikuwa na pikapu kadhaa. Alizipima kwa mita akasema kwa akili yake ya feni, waya mwingi na sumaku iliyochoka ndivyo vitakavyolainisha sauti. Tukakubaliana aziunge moja moja kwa waya wa muda na kuzishika juu ya nyuzi, nisikie. Akaziandaa. Nikaweka gitaa mapajani. Umeme ukakatika.

Majenereta ya maduka makubwa yakaanza kunguruma mtaa mzima. Fundi hana jenereta. Tulingoja mpaka jioni, nikarudi kesho yake, nikakuta kiza kilekile, na Jumamosi nikarudi tena, umeme bado. Nilihisi kama mtu aliyefungwa mikono anayetazama maziwa yakifurika jikoni. Nilimsema fundi, nikawasema wa umeme, nikalisema hata jua. Fundi aliniacha nimalize, kisha akaniuliza nachagua ipi.

Nikazipima kiganjani, kama mtu anayechagua nanasi. Nikachukua iliyokuwa nzito zaidi. Hiyo ndiyo elimu yote niliyoitumia, baada ya maisha yangu yote kwenye nyuzi. Fundi alipasha chuma chake cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, akaing'oa ile kali, akaiweka hii, akakaza skrubu. Hakuna kati yetu aliyejua tumefanya nini.

Umeme ulirudi jioni ile nikiwa nyumbani. Nikachomeka amplifaya ndogo ninayofanyia mazoezi. Mjomba alikuwa ameketi kitandani na kikombe chake cha tangawizi. Siku ya kuamkia kazi huwa haimbi hata kidogo, anatunza koo. Nikapiga kipande cha wimbo wake anaoupenda kuliko zote.

Sijui niseme nini kuhusu ile sauti. Ilikuwa nene na haikuwa nzito. Ilitoka taratibu ikajaa chumba bila kugusa kuta. Mjomba alifumba macho, na nilipomaliza hakuyafumbua mara moja. "Sasa," alisema. "Sasa tutaimba." Alimwaga tangawizi iliyobaki, akatoa shati lake la kijani na pasi, na nilimsikia akipiga mluzi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilijiona mtoto mwema.

Jumapili ukumbi ulijaa mapema, jua likiwa bado juu. Walikuja watu wazima wa Ilala na Magomeni, wale wanaojua maneno yote. Kijana aliimba kwanza, kwa adabu, akapigiwa makofi ya adabu. Kisha mjomba akapanda. Watu walishangilia kabla hajafungua mdomo, na mwenye vyombo kule kaunta alitabasamu kama mtu aliye tayari kushindwa.

Ubeti wa kwanza ulipita. Kwenye ubeti wa pili sauti inapanda, nami nikapanda naye kama siku zote, nikimshika mkono. Ndipo nilipomsikia. Miaka yote hiyo nilikuwa nyuma yake na amplifaya mgongoni, sikuwa nikimsikia yeye, nilikuwa nasikia kucha zangu mwenyewe. Sasa gitaa lilikuwa limemwachia nafasi, na katika nafasi ile hapakuwa na kitu. Sauti haikufika. Ilisimama chini ya pale inapotakiwa kufika, ikatetemeka, ikachelewa. Aliporudia kiitikio ilisimama palepale.

Nilielewa nikiwa katikati ya wimbo, vidole vikiendelea vyenyewe. Gitaa bichi halikuwa linamfunika ili asisikike. Lilikuwa linaimba badala yake. Watu walisikia wimbo ukipanda, wakadhani ni yeye anayeupandisha. Na yeye, nadhani, alidhani hivyo hivyo.

Wateja wetu ni watu wastaarabu. Hakuna aliyezomea. Mzee mmoja mbele aliinama akatafuta kitu kwenye simu yake. Mama aliyekuwa ameshasimama kucheza alivuta kiti taratibu akakaa. Mwenye vyombo hakuwa anatabasamu tena, na alionekana kusikitika kweli, jambo ambalo sikulitarajia na lilinitisha kuliko kama angekasirika.

Kwenye sehemu ya ala peke yake mjomba alishusha maiki, akasogea karibu yangu, akainamisha kichwa kama mtu anayetaka kuulizia ufunguo wa wimbo unaofuata. Macho yake yalikuwa makavu na makubwa.

"Ndivyo ninavyoimba?" aliniuliza.

Mimi mwenye mdomo, niliyewasema fundi na umeme na jua, niliendelea kupiga nyuzi. Ningeweza kusema ni maiki. Ningeweza kusema ni spika za mbele. Nilimtazama tu, naye akaniona nikimtazama, akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akarudi mbele, kwa sababu ubeti wa tatu ulikuwa umefika na katika maisha yake hajawahi kuacha wimbo njiani.

Nikafungua sauti ya gitaa mpaka mwisho ili nimfunike. Halikumfunika. Kadiri nilivyoongeza ndivyo lilivyozidi kukaa chini yake, laini, tamu, likimnyanyua juu watu wamwone, na mjomba wangu akaimba ubeti wote hadi neno la mwisho.