Kanga ya Zuhura katika Mpunga wa Salale

Habari hii huwa naikatiza njiani, maana nikifika kwenye suruali natazama chini, lakini leo mmenibana, basi sikilizeni hadi mwisho.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa Kibiti, na mimi fundi baiskeli nikakuta katikati ya makoti kitabu cha Kiingereza kuhusu saratani na kinga ya mwili, nikakinunua. Mke wangu Zuhura alikuwa amefariki mwaka uliotangulia kwa saratani ya titi, nami nilitaka kujua kwa nini mwili wake haukumtetea. Nilikisoma kwa kamusi, ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba kwenye ule unaofuata ningemkuta yeye.

Nilipokielewa nikaanza kufundisha mashuleni, na siku moja nilikwenda Salale kwa mashua, kwao Zuhura, ambako mdogo wake Somoe alikuwa na uvimbe kwenye titi na amekataa katakata kwenda hospitali ("Hauumi, shemeji. Kisichouma nikakitibie nini?"). Somo lilikuwa la darasa la saba na wazazi wao. Kwa kweli lilikuwa la mtu mmoja.

Nilipanga kila kitu kwenye daftari. Wanafunzi sita wapande dungu, kile kibanda kirefu cha kulindia mpunga, wakiwa na madebe: hao ndio askari wa kinga. Akipita mgeni, yaani kijidudu, wapige. Akipita mwenye kanga ya nyumbani wanyamaze, kwa kuwa saratani ni seli za mwili wenyewe zilizoharibika, na askari mara nyingi hudhani bado ni za nyumbani. Mwisho mimi, mwenye kanga hiyo, nifunue kichwa, askari wazinduke, wapige kwa nguvu zote.

Kanga ilikuwa doti ya Zuhura, ya zambarau, ambayo sikuwahi kuifua tangu aivue. Na kwa kuwa shamba lilikuwa tope na suruali yangu nzuri ilikuwa moja, nikaivua, kipande kimoja nikajifunga kiunoni, kingine nikajitanda. Uamuzi mdogo tu.

Nikapita, askari kimya. Nikafunua kichwa, madebe yakalia, nami nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa Salale analijua: mpunga ukiiva, madebe yakilia, mtu haulizi, anabeba mkuki. Wanaume wakatokea mashamba ya jirani wakikimbia.

"Nguruwe yuko wapi?"

Wanafunzi wangu, watiifu mno, wakaninyooshea vidole wote sita. "Yule pale!"

Nikatimua mbio. Kanga zote mbili zikabaki topeni, nami nikapanda dungu nikiwa na chupi (yenye tundu, ndiyo, mlikuwa mnangoja niseme).

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja akanong'ona, "si ulisema huku ni kwa askari tu?"

Chini mtu akapaza sauti: "Jamani, nguruwe wa Kibiti wanavaa chupi!"

Somoe alicheka hadi akakaa kwenye tope. Kisha akafuta macho, akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, nijibu huko huko juu. Walinzi wa dada hawakupiga madebe?"



"Hawakumtambua adui," nikasema. "Nasi hatukwenda kwa daktari mapema."

"Na wangu mimi?"

"Sijui, Somoe. Pengine ni uvimbe tu. Atakayejua ni daktari."

"Basi twende kesho. Ila suruali uvae."

Akapasuliwa Dar, uvimbe ukiwa bado mdogo, na yupo hadi leo, ananiita Nguruwe mbele ya wajukuu.

Nimeapa kutopiga madebe msimu wa mpunga, na suruali siivui kwa ajili ya elimu yoyote. Lakini asubuhi ile ya safari Somoe aliniletea doti ya zambarau, imefuliwa, imekunjwa vizuri, anatabasamu kama aliyenitendea hisani. Nikamshukuru. Mashua ilipoondoka nikaiinamia ile doti kama ninayefunga mzigo, nikavuta pumzi.

Sabuni tu.