Mvua Iliyolala Ndani ya Sufuria

Binti yangu anafanya kazi Ulaya, na kila mwaka ifikapo Machi hunitumia ujumbe kwamba kwao majira ya kuchipua yameingia, maua yametoka. Mimi humjibu kwamba kwetu Luzira, hapa kando ya ziwa, yameingia matope. Ndiye aliyeniletea kipima-mvua, kikombe kirefu cha plastiki chenye mistari, nilipostaafu uaskari wa gereza. Nadhani alitaka nisimsumbue mama yake. Amefaulu nusu.

Wapenzi wengine wa hali ya hewa hutazama mawingu wakasema ni mazuri. Mimi sina habari na uzuri. Miaka yote ya kazi nilihesabu wafungwa asubuhi na jioni, na hesabu isipotimia hakuna anayekwenda kula. Mvua nayo naishika hivyo hivyo. Kila siku saa tatu asubuhi natoka na daftari, nasimama wima mbele ya kikombe, nasoma, naandika. Machi na Aprili ngurumo hutoka ziwani alfajiri na kikombe kinajaa. Juni na Julai naandika sifuri, sifuri, sifuri, huku vumbi likiniingia puani. Hata sifuri ina haki ya kuandikwa. Kwa miaka minne hakuna siku iliyotoroka.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Hajati, mama wa Kinubi, mjane wa askari, ambaye pilau yake hunifikia kila Ijumaa bila kuiomba. Aprili moja alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Jumamosi, hapo hapo uani petu. Alhamisi ya wiki hiyo alikuja akasimama mbele ya kikombe changu, akakitazama kama shahidi wa uongo.

"Afande," akasema, "hii kikombe yako ndio inaita mvua. Mtu akiweka sahani inje, si anaomba chakula?"

Nilimweleza habari za ziwa, joto, mvuke na mawingu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna siku nimewahi kukitazama kile kikombe nikitaka kiwe kitupu. Alitaka akifungie kabatini mwake Jumamosi nzima mpaka Jumapili asubuhi. Daftari langu lingepata tundu. Lakini bibi harusi ndiye aliyenipikia uji malaria iliponilaza wiki nzima kabla sijastaafu, na mama yake alikuwa hapati usingizi kwa wasiwasi. Nikakubali, tena nikaapa sitatega chombo kingine. Mke wangu alisema nimetoa kikombe kwa uchungu kuliko nilivyomtoa binti yetu kwenda Ulaya. Ni uongo. Kidogo.

Jumamosi, saa tatu na dakika moja, Hajati mwenyewe akaja kumchukua mfungwa. Jua lilikuwa kali. Shehe akafungisha ndoa, pilau ikapakuliwa, wageni wakala. Saa tisa ziwa likatia giza, na ikashuka mvua ambayo sijaona mfano wake. Hema likaota kitambi, wajomba wakalisukuma kwa mipini ya mafagio, maji yakawamwagikia wakwe. Kila mtu alikuwa anaokoa nguo zake. Mimi nilikuwa natazama mvua inavyopita bila kuandikishwa. Nikaisogeza glasi yangu ya soda taratibu hadi ukingoni mwa hema, kisha nikaona Hajati ananikodolea macho kutoka upande wa pili. Nikainywa soda yangu. Kiapo ni kiapo, ila niliumia, sitaficha.

Jumapili saa tatu nilitoka na daftari kwa mazoea tu. Nikamkuta Hajati uani, amesimama kando ya sufuria kubwa ya pilau, imefunikwa. Akaniambia iliachwa wazi pale nyasini ikingoja kuoshwa, kabla ya tone la kwanza, na jioni wanawake walipotaka kuimwaga akawafukuza.

"Afande, mvua yako hii," akasema. "Nilikuchungia. Hakuna mtu aligusa."

Sufuria ile ina pande zilizosimama wima, kwa hiyo kina cha maji ndani yake ndicho kina cha mvua. Nilipiga magoti, nikazamisha rula, nikasoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza macho yalikuwa yamejaa. Nikasingizia vitunguu.

Akanirudishia kikombe changu. Nikamkumbusha kwamba kilikuwa kabatini siku nzima na mvua imekuja vilevile, basi hakina hatia. Akatikisa kichwa, akasema kumbe kina nguvu kuliko alivyodhani, kimeita hata kikiwa chini ya mashuka.

Sikubishana. Niliandika milimita sitini na mbili, na pembeni, punje tatu za wali zilizokuwamo. Hesabu ikatimia, nikaenda kwa Hajati kula kiporo.