Nilivyomtakasa Mtunza Ghala wa Firauni

Kuna mambo mtu angependa yafukiwe yasionekane tena, lakini langu lilitokea barazani mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Biryogo, kwa hiyo hata nikinyamaza watalisema wengine, tena watalitia chumvi, basi afadhali mlisikie kwangu mwenye aibu yake.

Nilikuwa fundi cherehani, kijana, suruali zangu zimepigwa pasi mpaka unaogopa kuzigusa, na nilikuwa namtaka Zaituni, binti wa Mzee Sudi. Mwenyewe alishanikubali. Aliyebaki ni baba yake, na yule si mtu wa kumwendea hivi hivi, alishawarudisha wachumba kabla yangu (mmoja kosa lake ni kupiga miayo wakati wa hotuba ya Ijumaa, haki ya Mungu). Zaituni akanipa siri: baba macho yamemwingia ukungu, hasomi tena, na redio imemchosha, kila ukiiwasha ni vita vya kaskazini na vyama kutukanana. Anachotamani ni habari za Misri ya kale, Misri ya kina Yusufu na Musa.

"Wewe Kifaransa unakijua," akaniambia. "Mtafutie kitabu, uje umsomee Ramadhani hii kabla ya futari. Akikuzoea hatakukataa."

Basi nikapanda mjini, kwenye maktaba moja, nikaonyeshwa rafu ya riwaya za kihistoria, na kumbe Misri ina riwaya nyingi jamani. Moja ilikuwa na malkia kwenye jalada, nguo zake chache sana, nikaigeuza iangalie ukuta. Nyingine ilikuwa na maiti amefungwa vitambaa, nikasema hapana, watu wamefunga, tusiwatie kichefuchefu. Ya tatu ilikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo, amesimama mlangoni mwa ghala la nafaka, uso umejaa imani, nikasema huyu ni Yusufu, na kama si Yusufu ni jirani yake. Sikuifungua. Adhuhuri ilikuwa inakaribia nami nilitaka kuwahi msikitini, nikaibeba kwapani nikashuka nayo, najiona msomi.

Siku ya kwanza ilianza kwa raha tupu. Wazee wamekaa mkekani na tasbihi zao, mimi nasoma Kifaransa kimoyomoyo, kinywani natoa Kiswahili. Kuna ukame, mto umepungua, mfalme anamkabidhi ghala mtu anayeitwa Hapusi. Mzee Sudi anatikisa kichwa, anasema mashaallah. Nikafungua ukurasa wa pili, na Hapusi akachukua shayiri ya mfalme, akaipika pombe, akalewa, akaimba matusi na kutumbukia mferejini.

Mtu mwenye akili angefunga kitabu aombe radhi. Mimi nikamtazama Mzee, nikamfikiria Zaituni, nikasema: "Hapusi akachukua shayiri ile, akawapikia maskini uji." Na mferejini? Alikwenda kutawadha. Kulikuwa na mke wa mkuu wa hekalu, kila usiku anamngojea bustanini, huyo nikamfanya shangazi yake mgonjwa anayekwenda kumjulia hali. Yule shangazi aliumwa kurasa nyingi, maskini, na kila akipata nafuu mwandishi anamrudisha tena bustanini.

Mzee Sudi akampenda Hapusi kupita kiasi. Akasimulia habari zake msikitini, watu wakaanza kuja barazani wengi zaidi, na jioni moja akatangaza: ikiwa mtu wa zama za Firauni alilisha maskini, sisi tuna udhuru gani? Likatoka sufuria kubwa, likawekwa getini, kila siku ukapikwa igikoma, ule uji wetu wa mtama, wakawa wanakuja wabeba mizigo, akina mama na watoto wao, kila mtu na kikombe chake. Hapo ndipo ningesema ukweli. Sikusema, kwa sababu Mzee alishaanza kuniita mwanangu, na neno hilo lilinilevya kuliko pombe ya Hapusi.

Ikafika siku ambayo Mzee alimwalika futari jirani yake, Madamu Esperansi, mwalimu wa Kifaransa (yeye Mkristo, Noeli anawapelekea sahani, Ramadhani wanamrudishia). Nilipomwona anaingia nikakifunga kitabu.

"Kassimu, sauti imekukauka mwanangu," akasema Mzee. "Nenda ukasaidie kuteremsha uji. Madamu atatusomea kidogo."

"Mzee, herufi ni ndogo sana."

"Niko na miwani," akasema Madamu, ameshaivaa. "Kiswahili yangu iko kidogo, lakini nitajaribu."

Nikaenda getini, nimeshika mwiko, masikio yote barazani. Mimi nilikuwa natafsiri kwa maneno ya mzunguko, Madamu hakuwa na maneno ya mzunguko.

"Hapusi iko mulevi tena," akaanza, taratibu, kama anayewasomea wanafunzi imla. "Amekunywa pombe ya shayiri, ile aliiba kwa mufalme. Sasa anaingia mu bustani. Bibi ya mukubwa wa hekalu anamungojea. Hana nguo."

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Shangazi?"

"Hapana, si shangazi. Ni bibi ya mutu."

Nilikimbia. Sijui nilitaka kumnyang'anya kitabu au kuhama mji, ninachojua ni kwamba goti lilipiga sufuria, nusu ya uji ukamwagika, nikateleza, nikaketi ndani yake na ile suruali yangu ya pasi, na nikiwa nimekaa pale pale nikasikia sauti yangu inasema, "Madamu ameruka ukurasa."

"Sijaruka kitu, Kassimu. Kuja uone."

Adhana ikatoka. Watu walivumilia mpaka tende ya kwanza ilipopita kooni, kisha wakacheka mpaka wengine wakapaliwa. Zaituni alisimama mlangoni, khanga ameiuma kwa meno, sikuweza kujua analia au anacheka.

Mzee Sudi peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyemsifu Hapusi msikitini. Akaniita.

"Uji umo kitabuni?"

"Haumo, Mzee."

"Kuna nini?"

"Pombe."

"Na huu wanaokunywa watu pale nje umetoka wapi?"

"Kwangu, Mzee. Niliogopa."

Akageuza kikombe mkononi. "Basi kuanzia kesho utaupika wewe. Na leo baada ya tarawehe utasimama uwaambie watu kwamba mtu niliyemsifu alikuwa mwizi na mlevi. Nitaona haya, lakini waambie." Habari ya Zaituni hakuigusa, nami sikuthubutu kuuliza. Usiku ule nilijua nimemkosa, na niliumia kweli.

Nilisimama msikitini nikasema. Kutoka safu ya nyuma mtu akauliza kama shangazi amepona, na imamu mwenyewe nikamwona anajifunika mdomo kwa kilemba. Kisha nikapika, Ramadhani yote iliyobaki, moshi machoni, wanawake wa mtaa wananisimamia na kunisahihisha, na wanywaji wenyewe wakilalamika kwamba enzi ya yule mlevi uji ulikuwa mtamu zaidi.

Siku ya mwisho Mzee akaja akipapasa na mkongojo, akaomba kikombe, akaonja, akakunja uso.

"Una mabonge," akasema. Akanywa tena. "Kudanganya unadanganya, Kassimu, hilo nimeliona. Lakini kila jioni nimekukuta hapa. Idd ikipita, walete wazee wako."

Akapiga hatua chache, akasimama.

"Na kile kitabu uje nacho. Madamu hakufika mwisho."

Nimeapa sitachagua tena kitabu cha Misri mimi. Siku hizi tunakwenda maktaba wote wawili, Zaituni anakaa chini, anakisoma mpaka jalada la nyuma, ndipo ananipa nibebe.