Kisu changu hakina chapa na sitakiwekea: yaliyonipata kwenye grupu la wapenda visu wa Masisi

Wakuu wa jukwaa, nawasalimu wote, walio karibu na walio mbali. Nimesoma nyuzi zenu kwa muda mrefu bila kuandika neno. Leo naandika, na kila nitakaloandika nililiona kwa macho yangu au nililifanya kwa mikono hii.

Majina ya watu na ya chapa nimeyabadilisha. Tarehe sikuzibadilisha, kwa sababu tarehe huziandika daftarini siku hiyo hiyo.

Mtanivumilia kwa Kiswahili changu kilichokaa wima. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mmoja, katika darasa la akina mama waliokimbia vita hapa Mweso, na mwalimu wetu hakukubali sentensi iliyolegea. Nyumbani nasema kama watu wote wa Masisi. Nikiandika, naandika kama nilivyofundishwa.

Mimi ni mjane na ni mfua visu.

Narudia kwa waliosoma haraka: mfua visu, si muuza visu tu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi chuma kule Karuba. Alifua visu kwa resori, zile bapa za springi zinazobeba uzito chini ya lori. Barabara zetu huvunja resori kila siku, kwa hiyo chuma hakikutukosa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta mvukuto. Nilivuta miaka kumi na sita, nikimtazama: chuma kiwe na rangi gani kabla ya kupigwa, kizamishwe lini kwenye mafuta ya mawese. (Ndugu wa Walikale, mawese yenu hayana mpinzani kwa kazi hii. Mengine nimeyajaribu.)

Alifariki kwa ugonjwa tarehe 3 mwezi wa nane. Tarehe 19 mwezi wa kumi na moja, mwaka huo huo, milio ya risasi ilifika Karuba. Nilikimbia mpaka hapa Mweso na watoto wanne, sufuria moja, na nyundo yake.

Watu waliniuliza kwa nini nyundo na si godoro. Niliwajibu kwamba godoro halifui kisu.

Wapo kwetu wanaosema mwanamke asishike nyundo ya mfua chuma, eti chuma kitaharibika. Nilishika. Chuma hakikuharibika.

Sasa tuje kwenye grupu.

Lilikuwa grupu la WhatsApp la wapenda visu wa Masisi na Walikale: wachinjaji, wakulima, wenye maduka, akina mama wa sokoni. Admini alikuwa Papa Bauma, muuza fromaji hapa Mweso, yaani ile jibini ya duara ya milima yetu. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: kisu kipigwe picha mezani, kando ya kabichi au nyama, kisionekane kamwe mkononi mwa mtu. Mnaoishi penye amani mtaona ni sheria ya ajabu. Sisi hatukuhitaji kuelezwa.

Ndani ya grupu kulikuwa na kambi mbili. Ya kwanza ilishika chapa ya Korongo, kisu chenye picha ya ndege huyo iliyochongwa ubavuni, miguu yake mirefu ikishuka karibu kufika kwenye makali. Kiongozi wao alikuwa Papa Kambale, mwenye duka, mzaliwa wa upande wa Butembo. Ya pili ilishika chapa ya Nungu, na msemaji wao alikuwa Kaka Safari, mchinjaji, kijana wa Ngungu mwenye mdomo usiojua kupumzika.

Walitukanana asubuhi mpaka jioni.

Papa Kambale aliandika: "Korongo njo kisu. Ingine yote iko mabati." (Kwetu "njo" ni "ndiyo".)

Kaka Safari akajibu: "Muntu wa Korongo akichinja mbuzi, mbuzi inaamuka inamuuliza, Papa, umeanza?"

Nakiri kwamba nilicheka. Katika miaka ile tulikuwa tumezoea ugomvi unaomfanya mtu afunge mizigo. Huu ulikuwa ugomvi wa kusomwa ukiwa umeketi, maharagwe yakichemka. Nadhani ndiyo maana waliupenda kiasi kile.

Tarehe 8 mwezi wa pili nilituma picha ya kisu changu, mezani, kando ya kabichi. Niliandika: "Nimekifua mwenyewe kwa resori. Anayehitaji anijulishe."

Kambi mbili ambazo hazikuwahi kukubaliana hata juu ya hali ya hewa zilikubaliana siku ile.

"Alama iko wapi?"

"Kisu bila alama iko sawa na muntu bila jina."

"Mama, rudia ku chungu, chuma utuachie."

Kaka Safari alijifanya mwema: "Mama, niko na fundi wa kuchonga. Tukuwekee nungu pale ubavuni, kesho utauza yote."

Nilimjibu kwamba mume wangu hakuweka alama kwenye kisu hata kimoja. Aliyetaka kujua nani amekifua alipewa akate nacho.

Hapo Papa Kambale akaandika maneno niliyoyanakili daftarini: "Basi bwana yako alikuwa anafua takataka, na weye umeriti takataka."

Wakuu, mimi wanitukane. Nimetukanwa vizuizini na watu wenye bunduki na nikaendelea na safari yangu. Lakini yule mtu alikuwa kaburini Karuba, mahali ambapo hata kwenda kupalilia majani sikuweza. Kitu pekee chake kilichokuwa bado kinatembea duniani ni vile visu. Ningekubali kuwa ni takataka, ningekuwa nimemzika mara ya pili.

Papa Bauma aliingilia kati kama admini. Alisema watu wanalalamika kwamba naleta visu visivyojulikana. Alinipa njia mbili: niweke chapa inayojulikana, au nitoke.

Niliandika: "Papa Bauma, nachagua ya tatu. Tukutane sokoni, tukate. Kisu changu kikishindwa, nitaandika kwa mkono wangu kwamba ni takataka na nitatoka. Kikishinda, kitabaki hivyo hivyo, kitupu."

Kisha nikaongeza jambo moja, maana lilikuwa limenisumbua tangu siku ya kwanza: "Na Papa Kambale atutumie picha ya upande wa pili wa kisu chake."

Hakutuma. Aliandika, "Upande ya pili inakuangalia nini?" yaani inakuhusu nini.

Wakuu, mimi ni mnoaji pia. Kisu kilichotumika miaka mingi huliwa na jiwe polepole. Lakini katika kila picha ya Papa Kambale, korongo aling'aa mzima, mpaka kucha za miguu. Nilijiuliza: mtu huyu ananoa wapi?

Tulikutana tarehe 22 mwezi wa pili, siku ya soko. Papa Bauma alileta magurudumu matatu ya fromaji, mazito, yaliyokomaa, na mizani yake ya sahani mbili. Sharti lilikuwa rahisi: kila mtu akate gurudumu lake katikati kwa mkato mmoja, nusu mbili ziwekwe sahani huku na huku. Mwenye fromaji anajua kwamba kitu kinene kama kile hakimfichi mtu. Kisu kibaya kitakusaliti kabla ya kufika chini.

Papa Kambale alianza. Alifungua kisu kutoka kwenye kitambaa cheupe kama cha kanisani. Aliweka makali katikati kabisa, akabonyeza. Juu kilianza vizuri. Kufika ndani, kikaanza kwenda kushoto. Alisukuma kulia, kikazidi kwenda kushoto, upande alikochongwa korongo. Mkato ulitoka umepinda kama barabara ya Ngungu. Sahani moja ilishuka mezani kwa kishindo.

"Papa, umekata ao umepiga kona?" Kaka Safari alipiga kelele, na soko likacheka.

Kisha yeye akakata. Kisu chake kikaenda kulia, upande wa nungu.

Soko likacheka mara mbili.

Ikafika zamu yangu. Niliweka kisu, nikasema kimoyomoyo jina la mume wangu, nikashuka. Hakikwenda kushoto, hakikwenda kulia. Kiligusa ubao.

Papa Bauma aliweka nusu zangu kwenye mizani. Sahani ziliyumba, zikatulia, zikatazamana. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, umefanya aje?"

Nikaomba visu vyote vitatu, nikavigeuza mbele ya watu.

Wapenzi wa Korongo walikuwa wakinoa upande mmoja tu. Miaka yote! Upande wenye ndege hawakuugusa, ili jiwe lisile miguu yake. Wapenzi wa Nungu walifanya vivyo hivyo ili miiba isifutike. Kisu kinachonolewa ubavu mmoja lazima kikimbilie ubavu wa pili. Havikuwa visu vibaya hata kidogo. Vilitunzwa na watu waliopenda picha kuliko makali.

Jioni ile nilibaki kwenye grupu, na visu vyangu vikabaki vitupu. Lakini sikieni kilichofuata. Walizaliwa watu wakajiita "Timu Resori," wakaanza kumtukana Papa Kambale kwa niaba yangu. Mmoja alinitaka nichonge nyundo kama alama, eti tuwamalize.

Niliandika: "Atakayemtukana mtu kwa jina la kisu changu, sitamnolea kisu chake, hata akija na mbuzi." Wakaacha.

Tarehe 2 mwezi wa tatu, Papa Kambale alifika nyumbani kwangu. Alikuja na kile kitambaa cheupe. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Mama, lile neno nilisema juu ya marehemu, nimelirudisha."

"Liandike palepale ulipoliandika la kwanza," nikamwambia.

Alitoa simu, akaandika akiwa amesimama mlangoni. Nilisubiri mpaka simu yangu ilipolia, nikasoma neno kwa neno, ndipo nikapokea kisu.

"Hii kisu," akasema, "njo kitu moja yenye ilitoka mu duka yangu ya kwanza siku ile watu ya vita waliichoma. Nilitoka nayo mu mukono, sijui hata juu ya nini."

Nyundo ilikuwa palepale kati yetu, juu ya fuawe.

"Ukinoa pande zote mbili, miguu ya ndege itaisha?"

"Itaisha, Papa."

"Yote mbili?"

"Yote."

Aligeuza uso akatazama mlima. "Bon. Noa."

Nikanoa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kipende kitu chako, kitetee, sina neno. Mimi nami nilikitetea changu mbele ya soko zima, na nitafanya hivyo tena kesho. Lakini usikipende kiasi cha kuogopa kukinoa. Na asiwepo mtu wa kukulazimisha kuvaa jina la mwingine ili kazi ya mikono yako ikubalike. Visu vyangu vinauzwa mpaka Walikale leo, na ubavuni mwavyo hamna hata nukta.

Wenye kupinga waandike, wenye kisa kama hiki wakilete, nitasoma yote na nitajibu. Ila kabla hujaandika, nenda jikoni kwako, ugeuze kisu, utazame upande wa pili.