Jina Nililolisoma Kwenye Jiwe

Msomaji wangu, sisi tumeshazoeana, kwa hivyo sitakuficha: mimi si mtu wa makumbusho. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na aliyezaliwa huko hutazamwa na watalii tangu akiwa na kamasi. Hana hamu ya kwenda kutazama na yeye. Lakini mwezi uliopita binti yangu alinishika mkono akanipeleka kwenye ukumbi wa historia ya vita, akisema miguu yangu inataka kutembezwa. Ndani mlikuwa na ubaridi wa mashine na harufu ya rangi mbichi. Mlikuwa na kofia za chuma, risasi zilizopangwa juu ya kitambaa chekundu, birika la bati lenye tundu la risasi, na kisahani kidogo chenye nambari, ambacho wachukuzi wa mizigo ya jeshi walivishwa shingoni. Ukutani ilitundikwa picha kubwa ya wachukuzi hao, mstari mrefu katikati ya majani, kila mmoja na sanduku kichwani, na kivuli cha sanduku kimemfunika uso. Nilisimama hapo muda mrefu nikitafuta uso ambao sijapata kuuona maishani mwangu. Binti yangu akaniuliza kama natafuta choo.

Nilikuwa namtafuta babu yangu, mume wa bibi aliyenilea.

Nyumba ya bibi ilikuwa kwenye kichochoro chembamba. Watu wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Asubuhi niliamshwa na harufu ya iliki ya mahamri na mvuke wa mbaazi za nazi, na honi za meli zikilia upande wa Kilindini. Kazi zangu zilijulikana: kufagia ukumbi, kupepeta mchele, kukuna nazi mpaka vidole vichubuke. Bibi hakuwa mpole. Ukikuna nazi ukafika kwenye weusi wa kifuu, alikukalisha ukautoa chembe moja moja. Lakini mtu akipiga hodi, hata awe mwuza samaki, bibi alikuwa akisimama kwanza ndipo aitike karibu. Miaka yote nilidhani huo ni ukarimu tu.

Babu alikuwa hamali kwenye forodha ya zamani, akibeba makanda ya tende na marobota ya papa mkavu. Siku aliyopotea alitoka baada ya sala ya alfajiri. Bibi, naye ana mimba ya miezi saba, alipika wali na mchuzi, akaufunika kwa kawa. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Magharibi ndipo jirani alipokuja kumwambia kwamba mahamali wamezungukwa na askari na kupelekwa Kilindini, kwani Mwingereza anapigana na Mjerumani huko bara na anataka vichwa vya kubebea mizigo. Wangerudi baada ya miezi mitatu. Mama yangu akazaliwa, akatambaa, akaolewa, akanizaa mimi kitinda mimba, na miezi mitatu ile ilikuwa bado haijaisha.

Mmoja tu kati yao alirudi, mwaka uliofuata, mifupa na macho. Bibi alikwenda kwake na mtoto mgongoni. Mtu yule akamweleza kwamba walifika kwenye mto asioujua jina, babu akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, nao wakaamriwa waendelee na safari. "Nilimwata yuwapumua," alimwambia, yaani alimwacha angali hai. Kabla ya mwezi wa mfungo mtu huyo naye akafa, na hakupatikana wa kuulizwa zaidi.

Hapo ndipo bibi alipokwama. Katika madhehebu yetu, sheikh alimwambia, mke wa mtu aliyepotea husubiri mpaka apate yakini ya kifo. Bila yakini hakuna eda, na bila eda hakuna kuolewa tena. Bibi aliliongezea jambo hilo ukaidi wake mwenyewe: hakumsomea mumewe hitima, wala hakuruhusu mtu amwite marehemu. Walikuja wanaume kumposa, wengine na masheikh wao waliosema yapo madhehebu yenye njia nyepesi. Akawafukuza. Majirani wakamkumbusha kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Bibi akawajibu kwamba lake lipo, limo ndani ya sanduku. Ilikuwa kweli, maana kila Idd aliitoa kanzu ya babu, akaifukiza udi, akaitundika dirishani mpaka alasiri, kisha akaikunja tena. Sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa upindo.

Sasa, kwenye barabara kuu ya mjini kwetu pana ukumbusho wa vita hivyo, sanamu za askari na mchukuzi juu ya jiwe. Kila mwaka palikuwa na siku ambayo wazee wenye nishani vifuani walikuja kuweka maua, na baragumu ikapigwa. Bibi alisimama ng'ambo ya barabara ndani ya buibui lake akangoja waondoke, kisha tukavuka. Upande mmoja wa jiwe yameandikwa maneno kwa herufi za Kiarabu, ambazo bibi alizisoma vizuri kuliko mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na hapakuwa na jina la mtu hapo. Lakini upande mwingine ulikuwa wa Kiingereza, na bibi alikuwa na imani yake juu ya Kiingereza. Mzungu, alisema, hakupi jambo zima kwa lugha yako. Lile jambo lenyewe huliweka upande wake. Kwa hivyo majina ya waliokufa, kama yapo, yapo kule.

Nilipojua kusoma nikapewa kazi hiyo. Alinifundisha jina la babu, na la babake, na la babu yake, nikalirudia kama sura ya Kurani, ili nikiliona nisilipite. Mwaka wa kwanza nilisoma Kiingereza kile nikitafuta, nikamwambia halipo. Mwaka wa pili halipo. Mwaka wa tatu aliniuliza kama nimesoma mpaka tini, mwisho wa jiwe, nikamwambia ndiyo, halipo. Hakubishana. Alijishika kiuno kwa mkono mmoja, tukarudi nyumbani kupika.

Mwaka wa nne siku ile iliangukia ndani ya sikukuu ya Idd. Nilikuwa na miaka kumi na gauni jipya lenye marinda, na wenzangu walikuwa wameshakwenda Makadara kwenye bembea. Bibi miguu ilikuwa imemvimba. Mwendo wa dakika chache tulikwenda asubuhi nzima, tukipumzika kila kivuli. Jua lilikuwa kali. Wazee wenye nishani walichelewa kuondoka. Ningependa kukuambia nilimwonea huruma, na kweli nilimwonea, kidogo. Lakini zaidi nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka na jiwe lile, na niliona kwamba nitaletwa hapo kila mwaka mpaka na mimi nizeeke.

"Lipo?" akaniuliza.

"Lipo, bibi."

Kisha akaniambia nilisome. Nikalisoma lote, jina lake na la babake na la babu yake, macho yangu yako kwenye maneno yasiyomtaja mtu yeyote. Akanyoosha mkono. "Niwekee mkono lilipo," alisema. Nikaushika mkono wake, uliokuwa na hina mbichi ya Idd, nikauweka juu ya herufi. Jiwe lilikuwa la moto lakini hakuuondoa. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ya kawaida, akaniambia twende nyumbani.

Bembeani sikwenda. Kabla ya alasiri bibi alikuwa amevua vipuli, amevaa nguo nyeupe na kukaa eda ya mume aliyeondoka zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Habari ilienea mtaa mzima. Wanawake wakaja kwa makundi kutoa pole, wakatandika mikeka ukumbini, na hitima ikasomwa mara ya kwanza tangu vita. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumwona babake, alilia mpaka akapoteza sauti. Mimi nilikuwa jikoni nikiosha vikombe. Kila mwanamke aliyepita alinibusu kichwa, akisema mtoto huyu ana baraka, macho yake ndiyo yaliyomwona babu yake. Nilitaka sakafu inimeze.

Kwa miezi minne na siku kumi nyumba yetu haikunukia udi wala asumini. Bibi hakutoka, hakupaka manukato, hakutia wanja. Chuoni walitufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi, na nikawa naingoja yangu ifike mwisho. Nayo ilikaribia. Palikuwa na mjomba, mtoto wa dadake bibi, karani wa bandarini aliyejua Kiingereza cha kuandika barua. Alikuwa safarini siku ya hitima. Aliporudi akaniuliza jina lipo upande gani, nikamjibu upande wa Kiingereza. Jumapili akaenda kulitazama.

Alirudi saa ya chai. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mama yuko pembeni, na mimi nimeshika sinia. Mjomba akavua viatu, akaamkia, akakaa. Alimtazama bibi, akayatazama yale mavazi meupe.

"Nimeliona, mama," alisema. "Wameliandika vizuri."

Bibi akaitika hamdulillahi. Mjomba akanywa chai yake yote bila haraka. Alipotoka nilimfuata mpaka kwenye ngazi, nikafungua kinywa niseme, akanishika sikio, hakulivuta, alilishika tu.

"Ushamzika," aliniambia. "Sasa usimfufue."

Kwa hivyo sikumfufua. Eda ikaisha, bibi akaoga, akavaa kanga ya rangi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa ile kanzu sandukuni na kumpa mzee aliyekuwa akifagia msikiti. Ilimfika juu ya kifundo cha mguu, akaivaa Ijumaa zote. Bibi akaanza kumwita babu marehemu, na neno lilimtoka kwa urahisi. Lakini mtu akipiga hodi hakusimama tena. Aliitikia hapo hapo alipokaa, na wakati mwingine hakuitikia, nikaenda kufungua mimi. Mikono yake ikaacha kazi moja baada ya nyingine: kwanza kusuka ukili, kisha kupika mahamri, mwisho hata kunigombeza. Nilikuna nazi mpaka kwenye weusi makusudi, nikampelekea, akaichuja na weusi wake. Hakumaliza mwaka wa pili.

Nimeishi na jambo hilo mpaka nikawa bibi mwenyewe. Zipo siku ninajiambia nilimpumzisha, kwamba mwanamke hakustahili kusimama miaka hamsini kwa kila hodi. Na zipo siku ninajua kwamba kusimama kule ndiko kulikomweka hai, na mimi nilikuuza kwa bembea ambayo hata sikuipanda. Hakuna wa kuniamulia. Mjomba amekufa, mama amekufa, wanawake wale wa mikeka wote wamekwenda. Nyumba yetu imekuwa ya wageni wanaolala siku mbili wakaondoka, na dirisha la kanzu limewekewa mashine ya baridi. Kichochoro chenyewe kipo, ila nikipita hakuna anayenijua, nami hupita nikigeuka ubavu bila kukutana na mtu.

Nilimweleza binti yangu yote haya pale mbele ya picha, kwa mara ya kwanza. Mwanamke kijana anayeongoza wageni alikuwa karibu, mtu wa Kaloleni kwa matamshi yake, na akatusikia. Akaja na daftari kubwa. Akatuamkia kwa adabu, akasema wanakusanya majina ya wachukuzi kutoka kwa jamaa zao, kwa sababu wengi walijulikana kwa nambari tu, na wanataka majina yachorwe ukutani. Binti yangu akanitazama. Nikalitaja jina la babu, na la babake, na la babu yake. Bado nalijua kama sura. Yule kijana akaliandika, na nikaona linavyokaa kwa herufi za kizungu, maana tangu nilipolidanganyia sijapata kuliona limeandikwa popote.

Mbele ya jina palikuwa na nafasi nyingine. Kalamu yake ikangoja hapo.

"Niandike alikufa vitani, mama?"

Ingekuwa rahisi. Ukutani lingekaa vizuri, na watoto wa watoto wangu wangekuja kuliwekea mkono. Nilimkumbuka bibi na kiganja chake chenye hina juu ya jiwe la moto.

"Hatuna yakini, mwanangu," nilimwambia. "Andika maneno hayo hayo."

Akaandika. Na mimi, baada ya umri wote huu, nikamrudisha bibi yangu kusubiri.