Pole kwa Mtu wa Sinema

Enzi zile za kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Laela, serikali ilitutumia gari la sinema ili tujifunze mambo ya mbolea. Bwana sinema, kijana wa Mbeya mwenye suruali ya bugaluu, pana miguuni kama kengele, alikuwa amenipenda, nami sikuwa nyuma. Mshenga alishakuja. Baba alishafariki, kwa hiyo jibu lilikuwa kwa mama, na mama alikuwa kimya.

Basi jioni moja, ili kumpendeza mama, bwana sinema akatuwekea filamu ya kuchekesha. Jamaa mnene kabeba ndoo ya chokaa, mara kateleza, chali. Uwanja mzima, sote tumejifunika mablanketi, tukaitikia: "Pole!" Akainuka, akagongwa na mlango. "Pole sana, baba." Bibi mmoja akapiga goti na makofi ya heshima kabisa, kwa desturi yetu ya Kifipa. Kwetu aliyeanguka hupewa pole. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bwana sinema akasimamisha mashine. Akatueleza kwamba yule haumii, analipwa ili aanguke, tazameni anavyotoa macho na kurusha miguu. "Chekeni, ndugu wananchi." Tukacheka, maana agizo ni agizo, na baadaye tukanogewa kwelikweli. Mama hakucheka.

"Anayekufundisha kumcheka aliyeanguka," akaninong'oneza, "siku ukianguka wewe atafanyaje?"

Nikajua posa yangu imekwenda na maji.

Filamu ilipokwisha, bwana sinema akaja kukusanya vitu vyake. Bugaluu ikanasa kwenye waya, akaenda chini kifudifudi, makopo ya filamu yakamfuata. Tulikuwa wanafunzi wazuri: uwanja ukaangua kicheko, wazee wakashika mbavu. Mimi nilicheka mpaka machozi. Yeye akainua kichwa, mdomo unavuja damu, akawa anatutazama mmoja mmoja.

Mama akamwendea, akapiga goti. "Pole, mwanangu." Akamfuta damu kwa ncha ya kanga. Aliporudi akaniambia, "Mshenga aje. Huyu sasa kaelewa."

Mshenga hakuja. Asubuhi nikamfuata bwana sinema kwenye gari lake, naye akaniuliza jambo moja tu: kwa nini, katika umati wote ule, mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nikamjibu kwamba si ni yeye aliyetufundisha. Akawasha gari, akashika njia ya Sumbawanga.

Iliniuma, sifichi. Nilirudi nyumbani nalia. Mama akanipa pole, halafu, kwa mara ya kwanza tangu gari lile lije, akacheka.